Mtungo

Wiki nzima imenisumbua orodha moja fupi:
Mwanzo, Bei ya Leo, Vichanja, Wanachama, Tupigie.
Maneno matano, juu ya ukurasa
wa ushirika wa wakausha dagaa wa Igombe.

Kwa jicho yalikuwa tayari siku ya kwanza.
Nilipanga visanduku vitano visivyo na jina,
katikati nikachomeka vijiti vya wima,
nikapaka buluu ya ziwa la saa nne asubuhi.
Mwenyekiti akasema, "Kijana, hapo umemaliza,"
akanilipa nusu.

Nyanzobe ndiye mtunza hesabu wao.
Macho yalimwacha darasa la pili, surua;
hesabu hazikumwacha.
Huiweka simu sikioni kama anayesikiliza yai,
kidole kinateleza, sauti ya mle ndani inasoma:
Mwanzo. Mstari wima. Bei ya Leo. Mstari wima.
Vichanja. Mstari wima.
"Lugendo," akaniuliza, "umenijengea ukurasa
au zizi?"

Nilicheka. Usiku sikucheka.

Chumba changu kiko Mabatini, juu, katikati ya mawe,
ambako nyumba zimekaa zilipopata pa kukaa
na anwani ni "ulizia kwa fundi cherehani".
Siku Nyanzobe alipokuja mara ya kwanza
alisimama chini ya ngazi, akauliza jambo moja:
"Ni ngapi?"
"Sitini na mbili."
Akapanda. Hakuuliza tena.

Kumbe ndilo alilokuwa akinidai.
Si uzuri. Idadi,
kabla ya hatua ya kwanza.

Asubuhi nikashuka mwaloni Kirumba kutafuta sato.
Yule mama akapitisha ukambaa mashavuni mwa samaki sita,
akanipa wote kwa kidole kimoja.
Mtungo.
Lugha yetu ililijua hili zamani:
afungaye samaki anatunga,
aketiye na kalamu anatunga,
mimi nilikuwa nimemwaga tu, nikapaka rangi.

Nikafuta visanduku.
Kwanza nikajaribu orodha ya namba, moja Mwanzo, mbili Bei.
Nyanzobe akanikatiza:
"Nani kaipa Bei cheo cha pili?
Kukausha dagaa kuna namba:
kupakua, kuosha, kuanika, kugeuza.
Ukianza na kugeuza, umegeuza nini?
Lakini hii ni milango, mtu aingie atakako."

Basi nikaandika u na l,
na ndani yake l na i, mara tano.
Chini ya Vichanja nikatunga mtungo mdogo,
cha kanisani, cha bondeni, kile kipya,
nikauingiza ndani ya Vichanja mwenyewe,
maana mtoto hukaa mgongoni mwa mamaye,
si kando, akining'inia hewani.
Nukta nikazificha; mwenyekiti hapendi nukta.
Simu ya mjumbe mmoja, ya bei mbaya,
isipoona nukta ikadhani orodha imekufa,
nikaiandikia kama karani wa kata:
hii ni orodha.
Na vile vijiti?
Vipo. Sasa ni wino, havisemi.

Mwenyekiti akatazama, akainua miwani, akashusha.
"Mbona ni ule ule?"
Ule ule, mzee. Buluu ile ile.
Dagaa wa mchangani na dagaa wa kichanjani
ukiwa mbali ni wale wale pia;
meno ndiyo yanayojua.
Nusu yangu akasema tutazungumza mwisho wa mwezi.

Nyanzobe akaweka simu sikioni.
Orodha. Vitu vitano.
Akatulia, kidole juu ya kioo.
"Vitano," akasema,
kwa sauti ile ya chini ya ngazi zangu.
Kisha akaenda moja kwa moja kwenye Bei ya Leo,
akasikiliza,
akakunja uso:
bei ilikuwa ya juzi.